Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara: "Nothing Else Matters" na ugomvi wa mashabiki wa metali, Kisumu hadi Nakuru

Mashabiki wa hevi metali huku Magharibi na Bonde la Ufa si wengi, lakini hata wakiwa watatu mezani, wawili watagombana juu ya wimbo huu. Maswali yafuatayo ndiyo yanayorudi kila mara. Yamepewa nambari ili jibu moja likutume kwa jingine.

## Mambo ya mwanzo

1. Ni wimbo gani hasa, na umetoka wapi?

"Nothing Else Matters" ni wimbo wa Metallica, bendi ya Marekani. Ni wa nane katika albamu yao ya tano, iliyotoka tarehe 12 Agosti 1991. Albamu yenyewe inaitwa Metallica tu, ila jalada lake ni jeusi tii na kila mtu anaiita albamu nyeusi. Mwaka 1992 wimbo ulitolewa peke yake kama singo. Watunzi ni James Hetfield, anayeimba na kupiga gitaa, na Lars Ulrich wa ngoma. Bob Rock alikuwa mtayarishaji pamoja nao, na sehemu za okestra zilipangwa na Michael Kamen. Urefu ni karibu dakika 6 na nusu.

2. Huu si ule wa Scorpions?

Hapana. Scorpions ni Wajerumani wa Hannover, na wao ndio wenye "Still Loving You" (1984) na "Wind of Change", ule unaoanza kwa mluzi. Nyimbo hizi huchanganywa kwa sababu redio huzipanga foleni moja usiku, kwenye vipindi vya nyimbo za taratibu. Ukisikia mluzi, ni Scorpions. Ukisikia gitaa likidondoa nyuzi wazi (zisizobanwa) moja moja bila haraka, ni Metallica.

3. Balladi ya metali ni nini?

Ni wimbo wa taratibu kutoka kwa bendi iliyozoea kasi na kelele. Huanza na gitaa safi lisilo na mkwaruzo, ngoma huchelewa kuingia, kisha uzito huongezeka hatua kwa hatua mpaka solo. Si lazima uwe wa mapenzi. Nyingi zilizo bora zinahusu vita, wazimu au kifo, na hapo ndipo zinapoachana na nyimbo laini za bendi za nywele ndefu na rangi za midomo za miaka ya 1980.

4. Unazungumzia nini?

Hetfield ameeleza kwamba aliuandika akiwa safarini na bendi, akimkumbuka mpenzi wake wa wakati huo. Alikuwa anaongea naye kwa simu, mkono mmoja umeshika kipokeo na mwingine unagusagusa gitaa. Ndiyo maana mwanzo wa wimbo umejaa nyuzi wazi: mkono wa kubana haukuwepo. Hakukusudia bendi iupige, aliuona ni wa siri mno. Ulrich aliposikia ndipo ukaingia kwenye orodha.

Jambo hili lina uzito katika ugomvi. Anayesema wimbo ulitungwa ili kuwafurahisha watu wa redio anapaswa kwanza kueleza mbona mtunzi alitaka kuuficha.

5. Ni wa kishetani?

Hapana. Unahusu kuaminiana, ukaribu na kutojali maneno ya watu. Mama akikuuliza, mpe maneno yaliyoandikwa ayasome mwenyewe. Hakuna shetani wala laana ndani yake.

Ikiwa mtu anatafuta wimbo wa Metallica unaobishana na dini, upo palepale kwenye albamu hiyohiyo: "The God That Failed". Hetfield alilelewa katika familia ya Christian Science, imani inayotegemea maombi badala ya matibabu, na mama yake alikufa kwa saratani yeye akiwa kijana. Huo ndio wimbo wa kujadili na mchungaji. Kwa "Nothing Else Matters" mtapoteza chai bure.

## Ugomvi wenyewe

6. Mbona mashabiki wa zamani wanauchukia?

Ukiwasikiliza kwa makini, wengi hawauchukii wimbo. Wanachukia mwaka 1991.

Metallica walianza kama bendi ya thrashi, yaani metali ya kasi, yenye rifu nyingi katika wimbo mmoja (rifu ni kile kipande cha gitaa kinachorudiwarudiwa). Albamu ya 1988, ...And Justice for All, ilikuwa na nyimbo 9 katika dakika 65 hivi: wastani wa dakika 7 kwa wimbo, na wimbo uliobeba jina la albamu ulikaribia dakika 10. Albamu nyeusi ina nyimbo 12 katika dakika 62 na ushee, wastani wa dakika 5. Mwendo umepungua, rifu ni chache, ngoma ni nzito na za moja kwa moja, gitaa la besi ambalo mwaka 1988 halikusikika sasa linanguruma. Hayo ndiyo mabadiliko, na yako kwenye albamu nzima.

Sasa angalia ajabu yake. Wimbo unaobebeshwa lawama ni miongoni mwa mirefu zaidi ya albamu hiyo. "Holier Than Thou" haufiki hata dakika 4, una kasi na hasira, na hakuna anayeushtaki kwa kufupisha mambo. Balladi imekuwa mbuzi wa kafara kwa sababu ndiyo inayosikika hadi leo kwenye redio, harusini na kwenye simu za watu ambao hawajawahi kusikia wimbo mwingine wa bendi hii.

Chuki nyingine ni ya umati. Ulikuwa na kitu chako, wewe na wenzako watano mliokuwa mkiazimana kaseti, halafu ghafla mwenye duka la nguo anakipiga akiuza sketi. Hilo linauma, na kulikana ni ubishi tu. Lakini ni malalamiko juu ya wasikilizaji. Hayasemi lolote kuhusu noti zilizopigwa.

Kuna pia mashtaka yaliyorundikwa baadaye. Bendi ilikata nywele na kugeukia roki mwaka 1996 na albamu ya Load. Mwaka 2000 wakaishtaki Napster, huduma ya kugawana nyimbo mtandaoni, na kugombana na mashabiki wao wenyewe. Mwenye hasira ya 1996 na 2000 huirudisha nyuma na kuibandika kwenye balladi ya 1991. Mkibishana, muulizeni mwenzenu kwanza: hasira yako ni ya mwaka gani?

Na wapo wasioupenda kwa masikio tu. Wanaona umerefushwa, maneno yanajirudia, na sauti ya Hetfield imelainishwa kuliko ilivyozoeleka. Hao hawana kosa, na hakuna hoja ya kuwashinda.

7. "Waliuza" maana yake nini, na ni kweli?

Maana yake ni kwamba waliacha muziki wao ili wapate pesa. Kwa albamu yote, shtaka lina miguu: walimchukua Bob Rock kwa sababu walitaka sauti kubwa na safi kama aliyowapatia wengine, na albamu imeuza zaidi ya nakala milioni 16 Marekani pekee. Kama ni kuuza, waliuza.

Kwa wimbo huu, tazama nambari. "One", wimbo wa vita na mtu aliyepoteza viungo vyote, ulifika nafasi ya 35 kwenye chati ya Billboard Hot 100 mwaka 1989. "Nothing Else Matters" ulifika ya 34. Ni ngazi moja. Uliopanda kuliko yote miwili ni "Enter Sandman", nafasi ya 16, nao ni mzito. Uingereza ndiko balladi ilikofika mbali, nafasi ya 6. Wahenga walisema chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Mshtaki aamue huu ulikuwa upi.

8. Kabla ya 1991 si walikuwa hawapigi taratibu?

Walipiga, na walitukanwa vilevile. "Fade to Black" ya mwaka 1984, kwenye Ride the Lightning, ilianza na gitaa kavu (lisilo la umeme), na mashabiki wa wakati huo walilia kwamba bendi imelainika. Ikafuata "Welcome Home (Sanitarium)" mwaka 1986, kisha "One". Kila moja ilikaa nafasi ya nne kwenye albamu yake. Tena "One" ndiyo iliyowapa video yao ya kwanza, baada ya miaka ya kukataa kutengeneza video, na walokole wa thrashi wakasema mwisho wa dunia umefika.

Tofauti ya haki ni hii: zile tatu za zamani huanza pole na kumalizikia mbio. Dakika za mwisho za "One" ni mvua ya risasi. "Nothing Else Matters" unapanda, unatoa solo, halafu unarudi chini ulikoanzia. Hauendi mbio hata mara moja. Anayesema "hii ni tofauti na zile" yuko sahihi kwa hoja hiyo, na ndiyo hoja nzuri kuliko zote za upande wa wapingaji, ingawa wachache huitumia.

9. Ni kweli Kirk Hammett hayumo kwenye rekodi?

Ni kweli. Hammett ndiye mpiga solo wa bendi, lakini solo ya wimbo huu ni ya Hetfield. Jukwaani Hammett hupiga, na Hetfield hubaki na solo yake. Wapingaji hulitumia hili kama ushahidi kwamba "si wimbo wa Metallica bali wa mtu mmoja". Hoja inachechemea: Newsted yupo kwenye besi na Ulrich kwenye ngoma. Lakini inaeleza mbona solo ni fupi, yenye noti za kuvutwa badala ya mbio za vidole.

10. Okestra iliharibu au ilijenga?

Kwenye rekodi ya 1991 okestra iko chini sana. Wengi hawaijui mpaka waambiwe. Vaa spika za masikioni usikilize nusu ya pili, nyuma ya gitaa. Aliyeichukia okestra kwa kweli huwa ameisikia kwenye S&M, tamasha la Aprili 1999 huko Berkeley na San Francisco Symphony, Kamen mwenyewe akiongoza. Pale iko mbele. Toleo hilo na la 1991 yabishaniwe kila moja mbali.

11. Mtu anayeujua wimbo huu tu, ni shabiki wa Metallica?

Ni shabiki wa wimbo huu. Mwache aufurahie, kisha mpe swali la 23.

12. Tunawezaje kuujadili bila kuharibu jioni?

Sikilizeni kwanza, kwa mpangilio, bila mtu kuongea: "Fade to Black", "Welcome Home (Sanitarium)", "One", kisha "Nothing Else Matters". Jumla ni dakika 27 hivi. Pakueni mapema, stima ikipotea au bando likiisha katikati ya "One", hamtarudi tena kwenye utulivu huo. Tumieni spika moja nzuri, sauti ileile kwa nyimbo zote nne. Hili la mwisho ni muhimu kuliko linavyoonekana: albamu nyeusi ilirekodiwa kwa ukubwa zaidi, na sikio hudhani kilicho na sauti kubwa ndicho bora. Punguzeni kidogo mkifika wimbo wa nne.

Halafu kila mmoja ajibu swali moja tu: wimbo wa nne ulipungukiwa na nini ambacho ile mitatu ilikuwa nacho? Mtashangaa majibu. Wengi husema "kasi", na ubishi unakuwa juu ya jambo linaloweza kupimwa.

## Kuupiga

13. Nina gitaa na sijui kitu. Naanza wapi?

Umebahatika, maana vipimo vya kwanza havihitaji mkono wa kubana hata kidogo. Weka nyuzi kwenye toni ya kawaida: E A D G B E kutoka uzi mnene. Acha piki mezani. Kidole gumba kishike uzi wa sita (mnene kabisa), cha shahada uzi wa tatu, cha kati uzi wa pili, cha pete uzi wa kwanza. Piga hivi: sita, tatu, mbili, moja, mbili, tatu. Noti hizo sita ni kipimo kimoja. Rudia mpaka zitoke kwa umbali sawa.

Anza kwa metronomu 100, kila mlio noti moja, usogee hadi 138 au 140. Makosa ya kawaida ni mawili: gumba linapiga kwa nguvu na kuzima zingine, na mkono wote unaruka juu badala ya vidole kukunjika. Ukiona nyuzi zinakwaruza pembeni bila kubanwa, huenda shingo ya gitaa imepinda au nyuzi ziko chini mno. Mpelekee fundi kabla ya kujilaumu.

Ubeti ukianza, kodi (noti kadhaa zinazopigwa pamoja) ni Em, D na C, na ubeti hufungwa kwa G, B7, Em. Inayowashinda wanaoanza ni B7 kwa sababu inataka vidole vinne. Ifanyie mazoezi peke yake, kutoka G kwenda B7 na kurudi, mara 20 kwa siku, kabla ya kuiunganisha na wimbo.

Kwa mtu wa Magharibi kuna njia ya mkato. Aliyekulia karibu na wapigaji wa omutibo, ule mtindo wa gitaa kavu wa Waluhya uliovumishwa na George Mukabi kabla hajafa mwaka 1963, ameshaona gumba likishika besi huku kidole cha shahada kikiimba juu. Kazi ya mkono wa kulia ni ndugu yake. Kinachobaki ni kupunguza mwendo, na hapo ndipo vidole vilivyozoea kuchezesha watu hupata taabu. (Chupa ya Fanta ya kugonga mdundo haihitajiki, ingawa hakuna sheria inayoikataza.)

14. Nikifuata video ya jukwaani nyuzi zangu zinagombana na za bendi. Gitaa limeharibika?

Halijaharibika. Rekodi ya 1991 iko toni ya kawaida, lakini kwa miaka mingi sasa Metallica hushusha nyuzi nusu toni jukwaani, na ndivyo ilivyo kwenye S&M pia. Shusha nyuzi zote sita nusu toni, au fuata rekodi ya studio. Usishushe uzi mmoja tu. Waimbaji wengi wa bendi zetu pia hupumua vizuri zaidi nusu toni chini, kwa hiyo kushusha si kushindwa.

15. Mpiga ngoma wetu anauharibu kila mara. Kosa liko wapi?

Karibu kila mara kosa liko kwenye hesabu. Wimbo uko kwenye sita kwa nane. Hesabu: MOJA mbili tatu NNE tano sita. Ngoma ya mguu kwenye moja, sinea (ngoma ndogo ya mlio mkali) kwenye nne, hai-hati (visahani viwili vinavyogongana) kwenye zote sita. Mapigo makubwa ni mawili kwa kipimo, karibu 46 kwa dakika.

Mpiga ngoma aliyezoea nne-nne atafanya moja kati ya mambo mawili. Ataulazimisha wimbo uingie kwenye nne, na mwimbaji ataonekana kama anakimbizwa. Au ataugeuza waltzi, sinea ikilia kila baada ya noti tatu, na ukumbi utaanza kuyumba kama uko kwenye mashua ya Dunga. Dawa yake: mwambie afikirie isukuti, yenye mwendo wa tatu-tatu, kisha aupunguze mpaka uwe wa kutembea. Wapigaji waliokulia Kakamega na Vihiga hulipata jambo hili kwa dakika tano.

Kosa la pili ni kuongeza kasi mkwaruzo unapoingia. Uzito na kasi si kitu kimoja. Rekodini mazoezi kwa simu mpime mwanzo na mwisho. Zikitofautiana kwa zaidi ya mapigo 3 kwa dakika, rudieni na metronomu kwenye sikio la mpiga ngoma.

16. Mwanzo hausikiki, halafu mkwaruzo ukiingia watu wanaziba masikio.

Fundi wa mitambo alipanga sauti kwa kufuata mwanzo. Geuza utaratibu. Wakati wa majaribio, piga kwanza sehemu nzito kabisa, solo na bendi nzima, mpaka kiwango ambacho ukumbi unaweza kubeba. Ndipo upandishe gitaa safi likaribie kiwango hicho, kwa pedali ya kuongeza sauti au kwa kitufe cha gitaa lenyewe.

Punguza mkwaruzo kuliko unavyopenda ukiwa chumbani. Ukizidi, noti za kuvutwa kwenye solo huungana na kuwa mngurumo. Kumbi za paa la bati bila dari hurudisha sauti kali za juu, basi punguza tribo kidogo na usimamishe maikrofoni ya mwimbaji nyuma ya spika kubwa, kamwe si mbele yake. Mngurumo usiokoma hata hujapiga kitu mara nyingi ni waya wa ardhi: vyombo vyote vya jukwaani vichomekwe kwenye soketi moja yenye waya wa ardhi unaofanya kazi. Usikate pini ya ardhi ili kunyamazisha mngurumo. Maikrofoni ya chuma na gitaa la umeme vinaweza kukurusha, au kukuua.

17. Nyuzi zangu hazimalizi mwezi hapa Kisumu.

Joto, jasho na hewa nzito ya ziwa. Pangusa kila uzi kwa kitambaa kikavu mara tu unapomaliza, juu na chini, na uhifadhi gitaa ndani ya kesi. Nakuru, ambako hewa ni kavu na ya baridi, seti ileile hudumu zaidi. Wimbo huu unaonyesha nyuzi zilizozeeka upesi kuliko mingine kwa sababu nyuzi wazi zinalia peke yake. Uzi wenye kutu hauwezi kukaa kwenye toni na uzi mpya.

18. Hatuna okestra. Mpiga kinanda afanye nini?

Kidogo. Sauti ya nyuzi za okestra, noti mbili au tatu ndefu kwa kodi, mkono wa kulia tu, na asiingie kabla ya ubeti wa pili. Mkono wa kushoto ukae mfukoni maana besi ina mwenyewe. Wapiga kinanda waliotoka kwaya hupenda kujaza kila nafasi, na wimbo huu unaishi kwa nafasi.

## Harusi, matanga, matatu na mengineyo

19. Unafaa kwa bibi harusi kuingia?

Unafaa, ukipigiwa hesabu. Kabla ya sauti ya kuimba kuna karibu dakika nzima ya muziki mtupu. Hatua moja kwa kila pigo kubwa ni hatua 46 kwa dakika. Njia ya katikati ya mita 20, kwa hatua za sentimita 40, ni hatua 50: sekunde 65 hivi. Bibi harusi anafika mbele mwimbaji anapofungua mdomo. Huwezi kupanga vizuri zaidi ya hapo.

Kinachoharibika: wasimamizi huingia kwa kucheza dansi, na kwa wimbo huu hakuna dansi. Wapeni wimbo wao, halafu huu uwe wa bibi harusi na baba yake pekee. Njia ikiwa fupi kuliko mita 15, aanze kutembea baadaye kidogo, wimbo ukiwa umeshaanza. DJ aushushe pole pole mwishoni badala ya kuukata. Na mpelekeeni padri au mchungaji maneno wiki kadhaa mapema. Anayekataa asubuhi ya harusi huwa ni yule aliyesikia neno "Metallica" mara ya kwanza siku hiyo (tazama swali la 5).

20. Na matangani?

Ikiwa marehemu aliupenda na wenye matanga wamekubali, upigwe jioni, si katikati ya mahubiri wala wakati jeneza linateremshwa wazee wakisubiri wimbo wa kanisa. Gitaa kavu na sauti moja hutosha.

Onyo moja la kweli: msiuchanganye na "Fade to Black". Ule unahusu mtu anayepoteza hamu ya kuishi. Kwa familia iliyompoteza mtu kwa kujiua, utakuwa kidonda juu ya kidonda, hata kama ulikuwa kipenzi chake.

21. Mbona kwenye matatu unasikika mtupu?

Mfumo wa matatu umejengwa kwa besi, na mwanzo wa wimbo huu una gitaa na karibu hakuna kingine. Dereva anaongeza sauti, halafu ngoma na besi zinaingia na vioo vinatetemeka. Ni tatizo lilelile la swali la 16, ila hapa hakuna fundi.

22. Toleo gani nimwekee mtu asiyevumilia metali?

Apocalyptica, Wafini wanaopiga metali kwa selo, waliurekodi mwaka 1998 bila maneno; shangazi wa kwaya hataona kosa. Metallica wenyewe wana toleo lisilo na ngoma wala gitaa la umeme, gitaa kavu na okestra tu, lililotoka upande wa pili wa singo ya "Sad but True". Kwenye The Metallica Blacklist ya mwaka 2021, albamu ya nyimbo 53 ambapo wanamuziki wengine walipiga upya albamu nyeusi, huu ndio uliochaguliwa kuliko yote: mara 12. Kuna wa Chris Stapleton humo, na kwa jinsi watu wa Nakuru wanavyopenda kantri, anzeni na huo.

23. Nimeuchoka, ama ndio ninaoujua tu. Niende wapi?

Usiruke moja kwa moja hadi thrashi. Pitia "The Unforgiven", ulio kwenye albamu hiyohiyo: pale ubeti ni mzito na kiitikio ndicho laini, kinyume cha mazoea. Kisha "Welcome Home (Sanitarium)", halafu "Orion", dakika 8 na nusu bila kuimba, yenye besi ya Cliff Burton aliyefariki kwenye ajali ya basi la bendi nchini Uswidi, Septemba 1986. Ukivuka hapo, weka "Battery". Unaanza kwa magitaa kavu, matamu, kama balladi. Punguza sauti kabla ya nusu dakika kuisha.

24. Bendi nyingine zina ugomvi kama huu?

Zinao. Black Sabbath, waasisi wenyewe, walitoa "Changes" mwaka 1972: piano ya Tony Iommi na sauti ya Ozzy, bila rifu hata moja. Extreme walifika nafasi ya kwanza Marekani mwaka 1991 kwa "More Than Words", gitaa kavu na sauti mbili, na walionunua albamu kwa ajili ya wimbo huo walikuta imejaa magitaa ya mkwaruzo. Hao walirudi dukani kulalamika kwa upande wa pili.